Mkia wa Protini

Kwa miaka sita Ilka alihangaika na protini moja katika maabara moja ya mji wa Szeged, Hungaria. Aliisafisha, akaisafisha tena, wala haikumpa hata fuwele moja ya kupiga eksirei ili aone umbo lake. Kisha akaja Bence, na alipokuwa na miezi minne tu kazini, Profesa Halmos, mkuu wa maabara, akatangaza kwamba nafasi ya kudumu ni moja: atakayetangulia kupata fuwele za protini hiyo ndiye atakayebaki.

Tusizungukezunguke, Ilka alimwonea kijicho. Bence alifanya kazi huku anapiga miluzi, na profesa, ambaye hajawahi kumtania Ilka hata siku moja, alikuwa akisimama mezani pa Bence wakicheka. Roho ilimuuma.

Ijumaa moja Bence aliondoka mapema akafuate supu ya samaki kwa mama yake. Ilka akatoa kichupa cha sampuli ya Bence kwenye friji, akakiacha mezani siku tatu kwenye joto ili sampuli ioze. Jumatatu alifika kabla ya wote, akakirudisha.

Alhamisi Bence akaita watu kwenye hadubini. Zilikuwa fuwele, tena nene, zenye kingo kali kama chumvi ya mawe. Ilka naye alichungulia.

Majibu ya eksirei yalipokuja, profesa aliwaketisha wote wawili.

"Protini hii imekatika mkia," alisema. "Ule mkia uliokuwa unapepea ukizizuia molekuli zake zisijipange. Umeukataje, Bence?"

"Hata sijui, Profesa. Nimefuata alivyonifundisha dada Ilka, basi."

Ilka alielewa palepale. Vimeng'enya vya kukata protini vilivyosalia kwenye sampuli vilipata joto, vikautafuna mkia. Angeinyamazia siri hiyo, hakuna ambaye angejua.

"Kuna watu wana mkono wa bahati," profesa alisema, akampigapiga Bence begani. "Nafasi ni yako, bwana."

Mkono wa bahati. Miaka sita yake, halafu sifa zimwendee mpiga miluzi. Hilo Ilka hakuliweza.

"Bahati gani?" alisema. "Hizo fuwele ni zangu. Mimi ndiye niliyekiacha kichupa mezani siku tatu. Mimi, si yeye."

Bence akamgeukia, taratibu.

"Kichupa cha nani, Ilka?" profesa akauliza.