Karatasi ya Wifi

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna kikapu kilichoingia chumba cha kukaushia bila kupita mikononi mwangu. Kiwanda chetu hununua uyoga wa mwituni, na mimi ndiye mkaguzi. Naugeuza, naukwaruza kofia, naunusa, basi. Hakuna mteja aliyewahi hata kuumwa tumbo. Halafu kaka yangu akaoa, mkewe akataka kazi, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikamwombea.

Wifi akaja na karatasi zake. Anakata kofia ya uyoga, anailaza kwenye karatasi, anaifunika kwa bilauri mpaka kesho yake. Mbegu za uyoga, laini kuliko vumbi, hudondoka na kuacha alama. Ule tunaonunua huacha alama ya kahawia. Ule unaofanana nao, unaoweza kumaliza familia nzima kwa mlo mmoja, huacha nyeupe. Ndiyo maana karatasi yake ni nusu nyeupe, nusu nyeusi, rangi yoyote ionekane. Meneja alipoiona mara ya kwanza alifurahi kama mtoto. Kwangu hajawahi kufurahi hivyo. Wivu ulinikaba, sina haja ya kuficha.

Juzi kililetwa kikapu ambacho mchumaji alikuwa amekata uyoga wote juu ya udongo, kwa hiyo sehemu ya chini ya shina, ambako ule muuaji hujulikana kwa kifuko unachoota ndani yake, haikuwepo. Nikaugeuza, nikaunusa, nikasema ni mzuri. Meneja akasema tusubiri karatasi ya wifi. Akaongeza kwamba kuanzia mwezi ujao anataka mkaguzi mmoja tu, na alipokuwa akisema hakuniangalia.

Jioni, wenzangu walipokwenda kunawa, niliinua bilauri, nikatoa karatasi yake, nikaweka nyeupe tupu niliyoichana kwenye daftari langu.

Asubuhi tulisimama mezani watatu. Wifi akainua kofia. Karatasi ilionekana safi kabisa. Meneja akanigeukia mimi, kama zamani, nami nikasema kwa upole wa kujilazimisha kwamba mambo mengine yanataka uzoefu.

Wifi aliichukua karatasi, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole katikati, kisha akakifuta kwenye mkono wa koti lake la buluu. Ukabaki mstari mweupe kama unga. Akamwambia meneja kikapu chote kichomwe. Meneja akauliza ile nusu nyeusi imekwenda wapi, na wifi akasema karatasi nyeusi zilikuwa zimemwishia. Hata huruma yake ilinichoma.

Meneja akatoka na kikapu, amekishika mbali na mwili. Tukabaki wawili. Wifi alinawa mikono mara mbili, akajifuta.

"Wifi," akasema, "kahawia inaonekana hata kwenye karatasi nyeupe. Inayojificha ni nyeupe peke yake. Sasa kama ulikuwa na hakika uyoga ni mzuri, ile nyeusi uliitoa ya nini?"

Nilikuwa na shaka na kikapu kile tangu nilipokigusa. Sikusema, kwa sababu shaka yangu ingekuwa ushindi wake.