Waya wa Pedali

Nesi mstaafu aliegesha gari lake la kuishi, lenye kitanda na jiko ndani, mbele ya gereji, akashuka, akampita fundi umeme aliyekwisha kunyoosha mkono wa salamu, akamwendea mke wa fundi huyo.

"Fundi, nimefika. Nimeambiwa nikutafute wewe tu."

Wivu ukamshika mume. Nani alimfundisha huyu mwanamke kushika koleo? Nani alimwonyesha jinsi ya kumenya waya bila kukata nyuzi zake? Si yeye, miaka sita iliyopita, kwenye benchi lile lile? Leo wateja wanamwita yeye "kaka" na mkewe "fundi", na jina lake kwenye kibao cha mlangoni limebaki pambo.

Nyuma ya gari nesi alikuwa akivuta tela lililojaa maua kwenye vyungu vya udongo. Kwenye mteremko lilikuwa likimsukuma, naye alitaka lifunge breki zake kila anapokanyaga pedali. Mke akaingia uvunguni mwa gari kupitisha waya mpaka kwenye plagi ya nyuma. Mume akajikunja chini ya dashibodi kufunga kifaa cha kuongoza breki za tela. Mikono yake ilikuwa kazini, masikio yalikuwa nje.

"Fundi, una mikono ya daktari wa upasuaji," nesi alikuwa akisema, na mke akicheka huko chini.

Mikono yake yeye haikuwahi kusifiwa na mtu. Akanuna, akaunga waya kwenye swichi ya pedali bila hata kuupima kwa taa ya kupimia umeme, akatoka akijifuta jasho.

Nesi alipoondoa gari kujaribu, tela likaburuzika. Hakuna aliyekanyaga pedali, lakini breki zilikuwa zimeng'ang'ania magurudumu yote. Chungu kimoja kikaanguka, kikapasuka.

Mke akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akaelewa papo hapo: waya ulikuwa umeungwa upande wa swichi wenye umeme muda wote, hata pedali isipokanyagwa. Akamtazama mumewe. Mume akatazama viatu vyake.

"Tusamehe, mama," mke akasema. "Kosa ni langu."

Nesi akamgeukia mume. "Kumbe fundi mwenyewe ni wewe, kaka! Hebu nitengenezee wewe."

Ndiyo maneno aliyoyasubiri muda wote huo. Angepaswa kuvimba kichwa. Badala yake wivu ulimchoma upya, mbaya kuliko ule wa mwanzo, maana sasa alimwonea mkewe wivu kwa moyo ambao yeye hakuwa nao.

"Waya ule nimeufunga mimi," akasema. "Yeye hajaugusa."

Mke akamkodolea macho. "Baba watoto! Mimi nakusitiri, wewe unajivua nguo mbele ya mteja?"

Nesi alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Basi, kaka, mwachie fundi."

Neno hilo lilimwingia mume. Mke akapiga magoti chini ya dashibodi, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mume akamtilia koleo kiganjani kabla hajaliomba. Kisha akawasha tochi, akammulikia pale pale alipohitaji. Wivu ulikuwa bado ukimtafuna, lakini mkono wake haukutikisika.