Ukuni Mmoja kwa Kila Mgonjwa

Kama kulikuwa na kitu ambacho Philemoni Sumari alikipenda karibu sawa na mkewe, ni daftari la zahanati ya Mringaringa. Usicheke, maana hata mkewe Maria alikuwa akisema hivyo hivyo mbele za watu. Daftari lile alilivika jalada la gunia la kahawa, akalitunza kabatini pamoja na kwinini, na mwandiko uliokuwa ndani yake ulikuwa mzuri hata mchungaji wa Akheri akapanda mlima kuja kuutazama. Miaka sita dresa huyu alitibu watu wa ukingo ule wa Meru, na kwa miaka sita hakudondosha wino kwenye karatasi hata mara moja. Basi daftari hilo hilo ndilo lililotaka kumwangusha.

Ilikuwa mwaka wa 1955. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka huko London, na ushuru uliokuwa ukiilisha hazina ya wenyeji ulikuwa umekonda kama ng'ombe wa kiangazi. Serikali ikamleta mtaalamu wa uchumi kutoka ng'ambo, apime kama kodi ya watu inatumika kwa faida. Alikuwa mtu mrefu mwenye miwani, Kiswahili chake cha Unguja, kimenyooka kuliko chetu sisi wa mlimani, na hakumaliza sentensi mbili bila kutaja wastani. Wastani wa magunia kwa ekari, wastani wa watoto kwa boma, wastani wa hiki na kile. Watu wakamwita Bwana Wastani, naye alipoambiwa akafurahi.

Alifika Mringaringa Jumatatu moja pamoja na Sadoki, karani wa kodi. Akaketi na daftari tangu asubuhi hadi saa nane, hainui macho kutazama nani anaingia, anakula ndizi za kuchoma kwa mkono mmoja na kuandika kwa mkono wa pili. Alipomaliza alilifunga polepole.

"Bwana Philemoni, mwandiko wako ni mzuri sana," alisema. "Lakini unatibu wastani wa wagonjwa tisa tu kwa siku. Kila mgonjwa anaigharimu hazina shilingi moja na nusu. Zahanati nyingine nne nilizozipima hazifiki hata senti hamsini."

"Tisa?" Philemoni aliuliza.

"Tisa. Na dawa inayokwisha hapa ni ya watu arobaini. Hiyo nyingine inakwenda wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Sadoki alikohoa, akasema kwamba huko Ngarenaro kuna maduka yanayouza kwinini chini ya meza. Bwana Wastani akaeleza kwamba baraza litakaa baada ya wiki tatu, na kwa hesabu hizi hana budi kushauri zahanati ifungwe. Kisha wakateremka zao mlimani.

Sasa ngoja nikueleze hiyo tisa ilitoka wapi. Zahanati ilipofunguliwa, wazee walikubaliana kwamba imejengwa kwa kodi, basi atibiwe mwenye kulipa kodi pamoja na watu wa boma lake. Kwa hiyo Philemoni aliandika boma, hakuandika watu. Mama akija na watoto watatu wenye minyoo, ulikuwa mstari mmoja: jina la baba na namba ya stakabadhi yake ya kodi. Huyo baba mwenyewe yuko shambani anapalilia kahawa, mzima kama kigogo! Philemoni aliona hiyo ndiyo adabu. Kumwandika mke wa mtu kwenye karatasi ya serikali aliona ni utovu wa heshima. Tena wenzetu wa Ngarenanyuki walikuwa wameng'olewa kwenye ardhi yao miaka minne tu iliyopita, na karatasi zilitangulia. Nani alitaka jina la mwanawe liingie kwenye orodha?

Na kulikuwa na wengine. Kanuni ilisema asiye na stakabadhi ya mwaka asipewe dawa, na Philemoni ndiye aliyeigongomea ukutani kwa misumari minne. Lakini waliokosa kodi waliugua kama waliolipa. Walipitia migombani, wakaingia kwa mlango wa nyuma, naye akawatibu na kukaa kimya. Hao hawakuwa na mstari kabisa.

Siku ile hakula. Maria alimwekea loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, ikakaa mpaka ikapoa. Wote wawili walijua ni nini kitapotea, hawakuhitaji kusemezana. Kabla ya zahanati kujengwa, hospitali ilikuwa mwendo wa nusu siku na mito miwili katikati. Mtoto wao wa kwanza, Kaanaeli, alifia mgongoni mwa Maria ukingoni mwa mto wa pili, wakisubiri maji ya masika yapungue. Alikuwa na miaka miwili. Ugonjwa wenyewe ulikuwa malaria, ambayo kwa vidonge vichache vya kwinini ingekwisha.

"Hawaifungi," Philemoni alisema hatimaye.

"Utawazuiaje?"

"Sijui bado. Ila hawaifungi."

Kesho yake aliwahi zahanati, akakaa mezani, akafungua daftari. Shetani naye hakosi kazi. Philemoni alichovya kalamu akaanza kutafuta nafasi kati ya mistari, amwongeze mama hapa, watoto pale, aijaze miaka sita upya. Anande alimkuta katika hali hiyo. Huyu Anande alikuwa mjane mwenye maneno makali, kazi yake kuwasha moto na kuchemsha sindano, na hakumpimia mtu maneno, hata mchungaji.

"Unafanya nini, bwana dresa?"

"Narekebisha."

"Unarekebisha au unadanganya? Njia ya mwongo fupi. Yule mzungu ana macho manne, ataona wino mpya kabla hujaukausha." Akabwaga mzigo wake wa maji. "Tisa, tisa, ukingo mzima umesikia hiyo tisa yenu. Mimi nachemsha sindano kwa kuni za watu tisa? Ebu tazama ukutani kwangu."

Philemoni akainuka kutazama. Lazima ujue kwamba Anande alikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilishika kuliko ya serikali: kila mgonjwa aje na ukuni wake mmoja wa kuchemshia sindano. Si kila boma, kila mgonjwa. Mama mwenye watoto watatu wagonjwa alileta kuni tatu, na kama naye anaumwa alileta nne. Aliyejitia kusahau alirudishwa njiani. Hata wale wa mlango wa nyuma walikuja na ukuni kwapani. Anande alizipanga kuni za siku ukutani zikauke, na za jana ndizo zilizoingia motoni. Miaka sita Philemoni alizipita zile kuni akienda kunawa mikono, asizione.

Alizihesabu. Kuni za jana pekee zilikuwa arobaini na moja.

Hakusubiri hata kuvua koti jeupe. Aliteremka mbio hadi Akheri, kwenye hema la Bwana Wastani, akamwambia wazi kwamba kosa ni lake. Aliandika waliolipa badala ya walioumwa, na hakuna aliyemtuma. Bwana Wastani alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nawezaje kuamini?" aliuliza.

"Usiniamini mimi. Njoo uhesabu kuni. Siku kumi na mbili tu."

Yule mtu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema tangu azaliwe hajasikia kipimo cha namna hiyo, na kwamba atakuja.

Akaja kweli, hilo nampa heshima yake. Akaletewa kigoda karibu na jiko la Anande, akala moshi siku kumi na mbili. Asubuhi ya kwanza watu waliogopa. Bariki, aliyekuwa na kidonda cha mguu na hana stakabadhi ya miaka miwili, alisimama migombani akichungulia, ukuni mkononi, hathubutu kusogea. Anande alimfuata.

"Anaandika majina?" Bariki alinong'ona.

"Anahesabu kuni. Kuni hazilipi kodi. Haya, ingia kabla mguu haujaoza."

Akaingia. Na aliporudi kwao salama, wengine wakafuata. Philemoni alifanya kazi kama aliyekula kiapo, hakwenda kunywa chai, hakwenda hata kumzika binamu yake kule Kikwe, na jambo hilo shangazi zake hawajalisamehe mpaka leo. Siku ya kumi na mbili Bwana Wastani alijumlisha mara tatu. Wastani ulikuwa watu arobaini na watatu kwa siku, na gharama ya kila mmoja senti thelathini na moja. Hapakuwa na zahanati iliyotumia kodi vizuri kuliko ile, akasema, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa furaha na moshi.

Ungedhani mambo yameisha. Lakini karani wa kodi si mtu wa kulala, na Sadoki hesabu alizijua.

Baraza lilipokaa, Bwana Wastani alisoma taarifa yake na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo Sadoki akasimama.

"Nina swali moja," alisema. "Maboma tisa kwa siku, na kwa taarifa hii hii kila boma linaleta wastani wa watu watatu. Hao ni ishirini na saba. Wako wapi kumi na sita waliobaki? Ni wa boma gani?"

Bwana Wastani aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Bila shaka hiyo hesabu alikuwa ameifanya zamani, akaamua kuimeza. Mwenyekiti akamgeukia Philemoni.

"Dresa, jibu."

Philemoni alisimama. Uongo ulikuwa karibu kama kofia yake. Angesema ni wageni, ni mashemeji waliotoka Kikwe, na angerudi nyumbani na mshahara wake. Lakini aliona mbali zaidi. Wageni hutafutwa wakaulizwa, na wageni wale wakikosekana, kuni nazo zitaitwa uongo, na arobaini na tatu itarudi kuwa tisa. Aliufikiria ule mto wa pili. Akapiga moyo konde.

"Ni wagonjwa niliowatibu bila stakabadhi," alisema. "Kanuni naijua, niliigongomea mwenyewe. Nimeivunja kwa miaka sita. Dawa haikwenda Ngarenaro, ilikwenda kwao."

"Taja majina," Sadoki alisema.

"Sikuyaandika."

"Sura zao unazijua."

"Nazijua zote, hata zilivyokuwa zikiumwa. Sizitaji."

"Unajua utapoteza kazi," mwenyekiti alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Najua, mzee. Nifukuzeni mimi. Zahanati iacheni."

Wakamfukuza. Walifanya hivyo kwa masikitiko, wengine hawakuweza kumtazama usoni, lakini walimfukuza. Zahanati wakaiacha. Bwana Wastani aliongeza ukurasa mmoja kwenye taarifa yake, kwamba kodi ikatafutwe nyumbani kwa mtu, isisubiriwe kitandani kwa mgonjwa, maana anayefukuzwa akiwa na homa huwaambukiza na waliolipa. Baraza lilibishana juu ya ukurasa huo siku mbili nzima, mwisho wakaupitisha. Misumari minne ikang'olewa ukutani.

Philemoni akarudi kwenye kihamba chake, shamba la migomba na kahawa isiyo na bei. Nisikufiche, aliumia. Asubuhi alijikuta amevaa koti jeupe, akalivua, akachukua jembe. Mwaka ukageuka, na bila mshahara, kodi ya mwaka ule ikamshinda.

Siku moja ya masika panga lilimteleza akipunguza migomba, likamkata mguu hadi karibu na mfupa. Maria alimfunga kitambaa, akamwambia nenda. Naye akaokota ukuni mmoja, akajikongoja. Alipokaribia zahanati miguu yenyewe ilimpeleka migombani, kwenye mlango wa nyuma, maana hakuwa na stakabadhi.

Anande alikuwa amesimama pale pale.

"Mlango huu siku hizi ni ghala la kuni," alisema. "Pita mbele kama watu."

Alichukua ukuni wake, akaupanga ukutani mwisho wa safu. Philemoni akazunguka, akaketi kwenye benchi kati ya bibi mmoja mwenye kikohozi na mama mwenye pacha, mpaka zamu yake ikafika. Dresa mpya, binti aliyeitwa Elinaza, hakumfahamu. Alivuta daftari.

"Jina lako, baba?"

Philemoni alisubiri aulizwe namba ya stakabadhi. Hakuulizwa. Akataja jina lake, na Elinaza akaandika kwa mwandiko mbovu ajabu, wino umedondoka mahali pawili. Philemoni akainama kusoma. Juu ya jina lake palikuwa na pacha wote wawili, kila mmoja na mstari wake, Sinyati na Nalepo, miezi minne, homa. Juu yao mama yao. Juu ya mama, yule bibi wa kikohozi.

Alihesabu mistari ya siku ile kwa kidole, kutoka juu hadi chini, na yeye alikuwa wa thelathini na nane. Machozi yakamtoka.

"Panauma sana, baba?" Elinaza aliuliza, akichukua sindano.

"Hapana," Philemoni alisema. "Endelea tu kuandika."