Mgane wa Kwenye Runinga

Watu walimwita Mzee Jiwe kabla hata hajaota mvi. Jina hilo alilipata kwenye runinga, katika mchezo wa kuigiza uliohusu nyumba moja yenye baba mkali, mama mwenye maneno na watoto wasiosikia la mtu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kujazia nafasi studio: leo askari asiyesema neno, kesho maiti iliyofunikwa shuka, keshokutwa mgonjwa anayekohoa chumba cha pili bila kuonekana. Alikuwa na sura ya kusahaulika, na alilijua hilo, likamkereketa.

Aliyemtoa huko ni mwanamke aliyeigiza kama mkewe. Mama Jiwe, kama watazamaji walivyozoea kumwita, alikuwa amekomaa katika kazi hiyo. Siku ya kwanza alipoona mwenzake anatetemeka mpaka kikombe kinagongana na kisahani, alimsogelea akamnong'oneza, "Achana na hilo dude la kamera linalokutolea jicho. Niangalie mimi. Nigombeze kama nimekuunguzia shati lako la pekee."

Akamgombeza. Tangu siku hiyo mambo yake yakanyooka.

Miaka ikapita, wao ni mume na mke wa kila Jumapili jioni, nchi nzima imekaa inawatazama wakinuniana. Watu waliamini kabisa. Mke wa kweli wa Jiwe, ambaye alikuwa msusi, alishawahi kufokewa na mteja wake mwenyewe: "Kumbe wewe ndiye unayemwibia Mama Jiwe mume!" Mwanzoni alicheka hadi machozi. Baadaye aliacha kuongozana na mumewe barabarani. Mama Jiwe naye alikuwa na mume, mwalimu wa hesabu, mtu mpole, ambaye alikuwa akija kumchukua studio na kumngoja ndani ya gari huku anasahihisha kazi za wanafunzi. Hakuna aliyewahi kumwomba picha.

Mwongozaji wa mchezo alipostaafu, Jiwe akapewa kiti chake. Akawa anaigiza na kuongoza kwa pamoja, na kazi aliimudu, hilo halina ubishi. Alijua kumwacha mwigizaji anyamaze hadi ukimya wenyewe useme. Ila kiti kile kilimfundisha pia utamu wa kuitikiwa. Akisema "kimya," watu wazima wanabana pumzi. Utamu huo ulimwingia.

Ndipo alipokuja meneja mpya wa vipindi, kijana wa suti za kubana, mwenye tabasamu lisilofika machoni. Akamwita Jiwe ofisini, akafunga mlango.

"Mzee wangu, mchezo umezeeka," alisema. "Mama Jiwe afe. Wewe uoe binti mbichi, nyumba iwake moto."

"Yule mama ndiye mchezo wenyewe," Jiwe alijibu.

"Basi mnaweza kuondoka wote wawili. Mimi sina neno."

Jiwe alitazama zulia. Hapo alikuwa na nafasi ya kusema kitu, na maneno alikuwa nayo mdomoni. Akayameza. "Afe kwa ugonjwa gani?" aliuliza.

Aliahidi kumwambia mwenzake mwenyewe. Siku moja akasema atampigia, siku nyingine akasema atapita kwake, na siku zote akapata sababu. Mwisho wake Mama Jiwe akayasoma kwenye skripti, asubuhi ya kurekodi, amekaa kwenye kiti cha kupakwa vipodozi, shingoni ana kitaulo. Jiwe aliingia akamkuta ameshika karatasi, mpakaji amesimama na brashi hajui aiweke wapi.

"Kumbe nakufa leo," mama alisema.

"Dada yangu, ni wakubwa. Mimi nilipigana."

"Ulipigana na nani? Mbona hujachubuka hata kidole?"

Akarudisha uso kwa mpakaji. "Nipaushe vizuri, mwanangu. Nisije nikafa nimenawiri."

Kitanda cha hospitali kilikuwa tayari, taa zimewashwa. Mama alilala, akamshika Jiwe mkono, akasema yaliyoandikwa kwa sauti ambayo mpiga picha mwenyewe alishindwa kuivumilia, akafuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akafa. Ilikuwa kazi safi, isiyohitaji kuguswa. Aliyeharibu ni Jiwe. Skripti ilimtaka asimame mkavu kama jina lake, naye alikuwa analia kweli, makamasi yanamtoka.

"Turudie," alisema.

Wakarudia, akalia tena. Wakarudia. Safari hii mama alifumbua macho akiwa kitandani.

"Utaniua mara ngapi wewe mtu?"

Mafundi wa taa waliangua kicheko, wakidhani ni utani. Jiwe naye akacheka pamoja nao. Mama hakucheka. Walipompata Jiwe akiwa mkavu, mama alivua gauni la hospitali, akaenda kwenye gari la mumewe, na hakukanyaga tena studio yoyote.

Binti mbichi aliletwa, na watazamaji wakamchukia tangu siku ya kwanza. Wengine walimtukana Jiwe njiani: "Hata matanga hayajaisha, mzee mzima huna haya!" Mchezo ukadhoofika, ukafutwa, na meneja akahamia kituo kingine kwa cheo kikubwa zaidi. Jiwe akabisha hodi huku na kule. Kila mahali walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamwambia ile sura ni ya Mzee Jiwe, haiuziki kwa kitu kingine. Akawa mtu wa kushinda nyumbani na kukosoa vipindi vya wenzake, hadi mkewe akahamishia runinga saluni kwake.

Kifo cha kweli cha Mama Jiwe alikisikia kwenye taarifa ya habari, kama watu wengine wote. Kituo hakikuhangaika kutafuta picha. Kilirusha kile kitanda cha hospitali, na Jiwe amesimama pembeni, mkavu.

Alivaa suti nyeusi akaenda mazikoni, akikusudia kusimama nyuma. Hakufika nyuma. Umati ulimwona, kilio kikapanda. "Pole baba! Pole Mzee Jiwe, umebaki peke yako!" Wanawake wasiomjua walimshika mikono, wakamsukuma mbele, wakamkalisha kwenye kiti kilichokuwa karibu kabisa na jeneza. Kamera zikamgeukia. Akajua taa iko upande gani. Akainamisha kichwa, machozi yakaja, na yalikuwa ya kweli, lakini alijisikia pia akigeuza uso kidogo ili yaonekane.

Binti wa marehemu alimjia, macho mekundu. "Mzee, hicho kiti ni cha baba yangu."

Jiwe aliinua kichwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama kando ya waombolezaji, kofia mkononi, hakuna anayempa pole. Jiwe akataka kuinuka. Mwalimu akampungia mkono atulie.

"Kaa tu, bwana," alisema taratibu. "Mimi nimeshazoea kungoja nje."

Na Jiwe, Mungu amsamehe, alikaa mpaka mwisho.

Siku chache baadaye simu iliita akiwa saluni, anamshikia mkewe ndoo ya maji. Ilikuwa kutoka kituoni. Walisema kulia kwake mazikoni kumewaliza watu kila pembe, na wanataka kuufufua mchezo: Mzee Jiwe mgane, peke yake na huzuni yake. Aongoze mwenyewe, aigize mwenyewe.

Mkewe alimsoma usoni kabla hajasema lolote. "Umekubali?"

"Nimesema nitafikiria."

"Usinidanganye."

Jiwe aliweka ndoo chini. "Wanaanza kurekodi mwezi ujao," alisema.

Mkewe alimgeukia mteja aliyekuwa anangoja, akamwinamisha kichwa kwenye beseni, na kummwagia maji.