Kipande Alichokiruka

Udongo wa maombolezo ulikuwa umeanza kukauka ndani ya kibuyu. Ilikuwa siku ya tano tangu Lindon azikwe, na mama yake, Yamul, hakuwa amejipaka hata kidole. Alikaa mlangoni akisokota nyuzi za magome juu ya paja lake, macho makavu. Wanawake waliokuja kumsaidia kulia walilia wenyewe, wakachoka, wakarudi makwao wakinong'ona. Hilda, dada wa marehemu, alijua walichonong'ona: mama anamngoja binti yake aseme.

Si kwamba hakusema. Ndege ndogo ilipotua na jeneza, alishuka akasema maji yamemchukua Lindon. Akamwambia mchungaji hivyo hivyo, na mjomba wake Alban, na kila aliyemshika mkono. Kule Madang, mji wa pwani alikofanya kazi ya ukarani miaka kumi na mmoja, maneno hayo yalitosha. Polisi waliyaandika kwa mstari mmoja wakamwonyesha pa kutia saini. Huku milimani hayakumtosha mtu. Watu wa bonde hili wana vitenzi vichache, na jambo lolote hulisimulia kwa kuviunga kimoja baada ya kingine: mtu aliamka, akaenda, akakata, akabeba, akaja, akaweka, wakala. Ukimuuliza mtoto kuni zimetoka wapi, ataanzia kitandani alikoamka. Na msimulizi akiruka hatua, hakuna atakayemsaidia kuijaza. Watu watainamisha macho tu, kwa sababu wameshajua kuwa anaficha kitu.

Hilda alikuwa anaficha kitu.

Sisi wa Kiswahili tuna raha yetu. Twachomeka sauti moja katikati ya kitenzi, na aliyeanguka anakuwa ameangushwa, aliyelia anakuwa amelizwa, na papo hapo tunajua kuna mwenye kosa. Bonde halina sauti hiyo. Huku mmoja alisukuma, mwingine akaanguka, na kila tendo lina mwenyewe. Hilda alikuwa amekaa mjini muda mrefu, akaizoea njia ya mkato. Tangu siku ile ya ufukweni alitembea na neno moja tu la Kiingereza kifuani, akilirudia kila alipokaa peke yake, na lilikuwa limemnyima hata njaa.

Alasiri hiyo mvua ilipopungua, Alban alikuja na magimbi, akayafukia kwenye majivu ya moto. Alimtazama mpwa wake kwa pembe ya jicho.

"Nguruwe wa dada yangu wamenenepa wiki hii," alisema. "Mgeni wetu anawalisha vizuri."

Hilda aliona haya. Kila alichopewa tangu arudi alikuwa amekitupa nyuma ya nyumba, akidhani hakuna anayemwona.

Yamul aliweka nyuzi chini. "Mliamka," alisema. "Mkafanya nini?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Hilda alianza, na mwanzoni lugha ya kwao ilimkwaruza kooni kama ya mtu mwingine. Waliamka kule Madang, yeye na Lindon aliyekuja kumtembelea, wakachemsha chai, wakanywa. Lindon akalalamika kwamba chai ya mjini ni maji yaliyotishwa kwa majani. Hapo Alban alicheka kidogo, kwa kuwa maneno yalikuwa ya Lindon mwenyewe, wala si ya kutungwa. Wakapanda lori, wakashuka ufukweni. Mama alidai kila kipande. Alivaa nini? Shati la njano. Nani alilifua? Alilifua mwenyewe. Yamul aliitikia kwa kichwa, akaridhika, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi uso wake ukalegea. Hilda alitambua kwamba mama yake alikuwa anatembea na mwanawe hatua kwa hatua, na akaogopa kule wanakoelekea.

"Tukakaa mwambani, tukala mihogo," alisema. "Halafu maji yakamchukua."

"Maji yalipanda mwambani?"

"Hapana."

"Basi rudi mwambani, mwanangu."

Hilda aliitazama mikono yake. Angeweza kudanganya. Angesema shati lilianguka majini, Lindon akalifuata. Lakini uongo huo nao ungehitaji hatua zake, na hakuwa na nguvu ya kuzitafuta.

"Alikuwa anaogopa," alisema. "Watoto wa pwani waliogelea pale wakamcheka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia, 'Umeshuka milima yote hii uje uitazame bahari kama nguruwe anayetazama mvua? Ingia, ni maji ya magotini.' Akanitazama. Akavua shati, akalikunja, akanipa nishike. Akaingia. Yalikuwa ya magotini kweli, mama. Akapiga hatua nyingine, na chini hapakuwa na kitu. Nikapiga kelele. Watu wakaja, wakazamia, wakamtoa."

Kisha akalitamka lile neno lake la Kiingereza, lile la kuua.

Yamul hakusoma shule. Alimgeukia kaka yake, aliyewahi kufanya kazi misheni, amwambie maana yake. Alban alisitasita, akitafuta, na lugha yao ikampa njia moja tu.

"Anasema alimpiga, akafa."

"Ulimpiga?" mama aliuliza.

"Sikumpiga."

"Basi mbona unasema hivyo?"

Yamul alianza kuyarudia yote polepole, kama mtu anayepitisha vidole kwenye mfuko aliousuka kutafuta fundo bovu. Ulicheka. Ukamwambia. Akavua shati. Akaingia. Hakupunguza kitu wala kuongeza. Hilda aliingoja ile hatua ya kicheko ivimbe izimeze nyingine, kama ilivyofanya siku zote kifuani mwake. Haikuvimba. Haikutoweka pia. Ilibaki pale, yake, kati ya hatua za wengine, na iliuma.

"Ila hukuanzia mwanzo," mama alisema. "Kabla hamjaamka kule, yeye alilala hapa. Nikamwambia, dada yako yuko peke yake, nenda ukamwone. Akakataa. Nikamwambia tena. Nikamsukia mfuko mpya ili aone haya kukataa. Akaenda."

Alban alichokoa majivu kwa kijiti, ingawa magimbi yalikuwa yameshaiva.

"Nilimsindikiza mpaka uwanjani," alisema mwishowe. "Alipoiona ndege akataka kurudi. Nikamtania kwamba anaogopa. Akapanda."

Hapo Yamul alilia. Alilia kwa sauti, akiliita jina la mwanawe, mpaka jirani wa ng'ambo ya kijito akaitikia kilio. Alitema mate kwenye udongo ule mkavu, akaulainisha kwa kidole, akajipaka paji la uso na mashavu, kisha akamvuta Hilda akampaka na yeye, kwa uangalifu, kama alivyokuwa akimnawisha utotoni.

"Shati ulilishika?" aliuliza.

"Ninalo hadi leo."

Alilitoa mkobani. Lilikuwa bado limekunjwa, mikono ndani, vile Lindon alivyolikunja. Yamul alilipokea na hakulikunjua. Aliliweka mapajani, juu ya nyuzi.

"Haijaisha," alisema. "Wakamtoa. Halafu?"

"Nikamleta. Tukamzika."

"Halafu?"

"Nikakaa hapa."

Watu wa bonde hili hawamwachi msimulizi njiani. Aliyetoka sharti arudi, akae, apewe chakula. Ndipo wasikilizaji huinuka. Hilda alilijua hilo tangu utotoni. Yamul alichukua gimbi, akalipangusa majivu, akalivunja kati, akamnyooshea nusu. Lilikuwa linatoa moshi.

"Halafu?"

Hilda aliling'ata. Lilimwunguza ulimi, likachanganyika na machozi na ladha ya udongo, na tumbo lake likaamka kwa njaa ya siku zote zile.

"Nikala," alisema, mdomo umejaa.

Mama yake alipeleka ile nusu ya pili mdomoni.

"Tukala," alisema.