Dizeli ya Provi

Mwaka ule mparachichi wa Don Teyo ulizaa hadi matawi yakainama, na kule mlimani kila mtu alijua maana yake: mwaka wa maparachichi ni mwaka wa vimbunga. Teyo hakungoja redio. Alichukua sululu akaanza kuchimba ubavu wa kilima nyuma ya nyumba, apate kibanda cha kimbunga kama walivyokuwa nacho babu zake: nusu shimo, nusu paa la mabati lililolala chini kabisa, upepo usipate pa kushika.

"Don Teyo, kaburi hilo la nani?" Chago, jirani mwenye lori, alimtania.

"La meya. Mwambie liko tayari, aje ajipime."

Chago akacheka. Migdalia, binti yake Teyo, hakucheka. Alikuwa na sukari kama marehemu mama yake, na dawa yake ya sindano haikai bila ubaridi.

"Baba, tushuke shuleni na wenzetu. Wanasema jenereta ipo."

"Hata kwa mama yako ilikuwepo."

Ilikuwepo, kweli. Kimbunga kilichopita, wakubwa waliagiza watu wa mlimani washuke shule ya bondeni, naye Teyo akatii, akamshusha mkewe Provi na dawa zake. Jenereta waliikuta, mpya, imefunikwa turubai. Dizeli hakuna. Meya akasema iko njiani. Gavana akasema iko njiani. Dawa ikaharibikia kwenye friji, na Provi akaisha polepole kwenye sakafu ya darasa la watoto wadogo, chini ya herufi za rangi zilizobandikwa ukutani, huku nje wakubwa wakipigwa picha wakigawa maji. Tangu hapo Teyo hakumwamini tena mtu aliyevaa tai.

Siku ya kimbunga chenyewe Chago alipita, lori limejaa watu na kuku.

"Binti nipe mimi, Don Teyo. Wewe baki na shimo lako."

Migdalia akamtazama baba yake, mzee peke yake na sululu. Akashika kishikio kimoja cha kasha la barafu lenye dawa.

"Shika huko, baba. Tuliteremshe shimoni."

Upepo ulipofika waliisikia nyumba ikivuliwa bati moja baada ya jingine. Kibanda hakikutikisika. Teyo akatabasamu gizani. Laiti meya angekuwepo aone. Lakini babu zake walichimba uwandani, si kwenye ubavu wa kilima. Mlima ulipokwisha kushiba mvua, maji yalitafuta pa kutokea, yakalipata shimo. Tope likawafika magotini, kisha kiunoni. Walitoka wakitambaa. Kasha lilibaki chini ya udongo, na Teyo alikwangua kwa mikono hadi kucha zikang'oka, hakulipata.

Kulipotulia wakaanza kushuka. Barabara ilikuwa imekatika, wakapita kwenye magogo. Migdalia alikunywa kila maji aliyoyakuta, kiu isiishe, kisha akatapika, kisha akaacha kujibu. Teyo akambeba mgongoni.

Kwenye kona iliyo juu ya shule akasikia mngurumo. Akadhani ni masikio yake.

Muuguzi alimpokea Migdalia, akafungua friji. Ndani mliwaka taa.

"Tumemuwahi," alisema baada ya sindano. "Mngechelewa kidogo tu, mzee wangu, ingekuwa habari nyingine."

"Dizeli imeletwa lini?"

"Kabla hata ya mvua. Si unajua, mwaka wa uchaguzi."

Migdalia alilazwa darasa lile lile. Herufi bado zilikuwa ukutani, moja imening'inia. Chago akaja na kikombe cha kahawa, ana mzaha mdomoni; alipoona vile vidole akaumeza, akaweka kikombe sakafuni.

Teyo alipaswa kushukuru, na kwa mtoto alishukuru. Ila injini ile haikunyamaza. Ilinguruma nyuma ya ukuta, bila taabu, kama kitu ambacho hakijawahi kuwa kigumu.

"Baba, unanong'ona nini?" Migdalia aliuliza, amefumba macho.

"Kumbe ilikuwa inawezekana."

"Nini?"

"Lala, mama. Lala."