Hodi ya Mlango wa Mwisho

Mama aliandika riwaya moja tu maishani mwake, na iliuzwa kwa kusuasua mpaka akafariki. Ni habari ya mlinzi wa bwawa aliyeona ufa ukutani, akashuka mjini kubisha mlango baada ya mlango ili watu wahame. Kwenye mlango wa mwisho anapiga hodi, haitikiwi, na kitabu kinaishia hapo. Niliuchukia mwisho ule, na nilimwambia mama.

"Mwanangu," alinijibu, "si kila hodi hupata karibu."

Kaka yangu ndiye aliyeamua riwaya nzima iwe albamu. Sisi watatu ni bendi, na roki yetu ni ile ndefu: wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri na mdundo unabadilika kabla hujauzoea. Wenye haraka zao hutukimbia, nasi hatuwafuati. Kaka aliimba na kupiga gitaa, wifi yangu, mkewe, alishika kinanda, mimi dramu. Sharti letu lilikuwa moja: upande mzima unarekodiwa kwa mkupuo, na anayekosea huinua mkono, wote turudi mwanzo.

Upande wa kwanza ulikuwa tayari kaka alipoota uvimbe kooni. Daktari hakumficha: akipasuliwa huenda akapona, lakini sauti ingeondoka na koromeo. Kaka akaomba amalize kwanza kazi yake.

Tulirekodi upande wa pili asubuhi, siku moja kabla hajalazwa. Aliimba mlango baada ya mlango, sauti ikikwaruza, nami nikimeza machozi ili nisipoteze mdundo. Kwenye mlango wa mwisho alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Wifi akanitazama. Mkono ulipaswa kuinuka. Niliukasirikia uvimbe, nikamkasirikia daktari, hata marehemu mama, nikazidi kupiga. Wifi naye akaendelea. Tukafika mwisho na pengo mahali pa neno moja, hodi. Kaka aliketi sakafuni akalia kama mtoto.

Aliporudi studio baada ya upasuaji, alikuwa amefunga kitambaa shingoni. Fundi wa sauti, mtu mwema asiyejua kunyamaza, alimpokea kwa furaha.

"Bosi, usiwe na presha. Umepiga hodi kibao humu. Nachukua ile ya mlango wa kwanza, naibandika hapa, nani atajua?"

Kaka akatikisa kichwa. Akaandika kwenye simu, akatuonyesha: *Kwenye mlango wa kwanza mlinzi bado ana nguvu. Hapa kachoka.*

"Mwekee maikrofoni," wifi akasema.

"Aifanyie nini?" fundi akauliza, kisha akajiuma ulimi.

Kaka akavuta meza ya mbao, akaisogeza karibu na maikrofoni, akaashiria wimbo upigwe. Sote tulisimama tukisikiliza. Pengo lilipofika, akakunja kidole akabisha mezani mara tatu, polepole, kama mtu aliyekwisha kubisha mji mzima.

Kitabu kile nakijua kwa moyo. Najua hakuna anayeitika.

"Karibu, kaka," nikasema. Lilinitoka tu.

Maikrofoni ilikuwa wazi, na neno langu lilikuwa limeingia kwenye rekodi. Nikainua mkono ili turudie.

Kaka akaushika mkono wangu, akaushusha.